Kura Kumi na Moja za Mwalimu Ishmael Njue

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni karibu na redio. Kama una kazi ya mikono, endelea nayo, ila masikio uniazime kwa muda. Leo tunamkumbuka mtu wa huku kwetu, wa upande wa Runyenjes. Anaitwa Ishmael Njue. Mwalimu Ishmael Njue. Alizikwa Alhamisi iliyopita nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na mitano.

Mimi ni Mukiri. Mnanijua, kipindi hiki huwa nasoma karatasi iliyoletwa na familia. Tarehe ya kuzaliwa, shule, kazi, watoto, wajukuu, basi. Safari hii mjane wake, Mama Eunice, alikuja mwenyewe hapa studio. Alikuja mikono mitupu. Akaketi, akakataa chai, akaniambia, "Mukiri, za kumsifu zilisemwa kanisani zikaisha. Mimi nimekuja na ile moja haikusemwa."

Kwa hivyo leo tutamsifu Mwalimu, maana anastahili. Na ile moja pia tutaisema. Inamhusu binti anayeitwa Purity Kinya. Jina la Purity liliandikwa kwenye ripoti ya ukaguzi wa uchaguzi, kwa kosa ambalo si lake. Narudia, wasikilizaji wapendwa: si lake. Mwalimu Ishmael alijua si lake, na alikaa na jambo hilo moyoni miaka mitatu.

Tuanze na sifa.

Ishmael alizaliwa kwenye miteremko ile ambako kahawa inaachia majani chai nafasi. Baba yake alikuwa mpimaji kahawa katika kiwanda cha kijiji. Mtoto alikuwa akisimama kando ya mizani na kutaja kilo kabla baba hajasoma. Mara nyingi alipatia. Akikosea alikuwa analia, na akina mama wenye mizigo wanamcheka. Ndivyo alivyoanza na hesabu, na hakuachana nazo tena.

Alifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Wanafunzi walimpa jina la Rudia. Ukikosea, anakuambia rudia. Ukipata, anakuambia rudia vilevile. Wengine wenu mnaonisikiliza mlipitia mikononi mwake, na najua mnatabasamu saa hii.

Alipokuwa naibu mkuu wa shule, kuna mtu alichukua muhuri wa shule mezani akapiga barua ya uongo. Mwalimu aliona aibu kama ni yeye aliyeiandika. Tangu siku hiyo muhuri wowote ukiwa chini yake ulikaa mfuko wa kulia wa koti lake. Ulikwenda naye darasani, ulikwenda naye msalani, ulikwenda naye kanisani. Kijana wake, Nyaga, aliniambia hivi: "Makoti yake yote yalikuwa na wino hapa kwa mfuko. Yote. Hata hili la kumzikia, mamangu alikagua mfuko kwanza."

Mtu kama huyo, wasikilizaji, hakosi kazi. Kanisa likichagua wazee, Mwalimu anahesabu. Chama cha kahawa kikichagua kamati, Mwalimu anahesabu. Aliyeshindwa anaweza kununa wiki nzima, lakini hakuna aliyewahi kusema Mwalimu amekula kura yake. Kwa hivyo alipostaafu, na uchaguzi mkuu uliopita ukakaribia, hakuna aliyeshangaa alipoteuliwa msimamizi wa kituo katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji.

Sasa kuna jambo jingine la Mwalimu ni lazima mlijue, la sivyo hamtaelewa lililofuata. Ni jambo la mama mkwe wake.

Mama Wambeti ndiye mama yake Eunice. Yuko hai, ana miaka themanini na tisa. Na ninyi mnajua desturi yetu ya ukwe, au kama hamjui, waulizeni wazee wenu. Mwanamume wa rika la Mwalimu hakai chumba kimoja na mama mkwe. Hampi mkono. Hapitani naye mlangoni. Hazungumzi naye ana kwa ana. Vijana wa leo mnapiga picha na mama wakwe mkikumbatiana, na sisemi ni vibaya. Mwalimu hakuwa hivyo. Alikuwa mtu wa kitabu, mtu wa kanisa, lakini kwa jambo hilo alikuwa wa zamani kabisa.

Eunice ananisimulia akicheka, na machozi yanamtoka palepale. Siku moja mama yake alikuja kuwatembelea bila kutangaza. Mwalimu alitoka kwa mlango wa jikoni na suti yake ya Jumapili, akaingia kwenye shamba la kahawa kungoja mgeni aondoke. Mvua ikanyesha. Mama Wambeti akanywa chai ya kwanza, akanywa ya pili. "Alirudi ndani amelowa mpaka soksi," Eunice anasema. "Nikamwambia, Baba Nyaga, hii heshima yako itakupatia nimonia. Akaniambia, afadhali nimonia."

Basi tuje kwa siku ya kura.

Purity Kinya alikuwa karani wa Mwalimu. Ni msichana wa Kangeta, kule Meru, kwa wazazi wanaofunga na kuuza miraa, na wakati huo alikuwa mwalimu wa mafunzo kazini huku Runyenjes. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mwalimu ndiye aliyemwambia aombe ile kazi ya ukarani. Alimwambia Eunice, "Huyu mtoto ni makini. Ukimpa kitu anakiangalia mara mbili."

Kituo kilikuwa darasa jembamba, lenye mlango mmoja unaofunguka. Kazi ilipangwa hivi. Purity anachana karatasi za kura kutoka kwenye vitabu. Mwalimu anapiga muhuri mgongoni mwa kila karatasi. Mpiga kura anapewa, anakwenda kuweka alama, anatumbukiza sandukuni. Karani angeweza kupiga muhuri mwenyewe, kanuni haikukataza. Lakini mnamjua Mwalimu na mihuri. Aligonga kila karatasi kwa mkono wake, na akipumzika kidogo, muhuri unarudi mfukoni.

Saa tano asubuhi Mwalimu aliinua macho akaangalia dirishani. Mama Wambeti alikuwa anakuja, ameshikwa mkono na jirani wa kumsaidia. Wazee huwa hawapangi foleni, wanapitishwa mbele. Kwa hivyo Mwalimu hakuwa na dakika tano za kufikiria. Alikuwa na nusu dakika. Mlango ni mmoja na meza yake iko pale pale mlangoni. Mama mkwe angepita akimgusa goti. Halafu yeye kama msimamizi angetakiwa amuulize jina, amwapishe jirani kwamba atamsaidia kwa uaminifu, asimame pale akimwangalia.

Mwalimu aliinuka akatoka, akazunguka nyuma ya darasa, akasimama kando ya tangi la maji. Muhuri ulikuwa mfukoni.

Purity alimfuata. Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu hapa ndipo palipo na jambo lenyewe. Purity alimfuata. Akamkuta amegeukia ukuta. Akamwambia, "Mwalimu, muhuri. Watu wako kwa meza."

Mwalimu akasema, "Endelea. Nakuja."

Purity akauliza tena. "Niendelee bila muhuri?"

"Endelea, nimekwambia."

Binti akarudi akaendelea. Ungefanya nini wewe, una miaka ishirini na minne, na aliyekuambia ni Mwalimu Njue, mtu ambaye kata nzima inaapa kwa jina lake?

Mama Wambeti alichukua kama robo saa. Ilibidi asomewe kila karatasi, jina kwa jina, na jirani hakuwa na haraka. Mwalimu alirudi alipoona migongo yao imefika kwenye geti. Akakuta watu kumi na mmoja wamepiga kura na kwenda zao, mama mkwe akiwa mmoja wao. Karatasi zao zote zilikuwa sandukuni tayari, bila muhuri. Na sanduku la kura halifunguliwi katikati ya siku, hata ulie.

Bado kulikuwa na njia moja ya kujiokoa, na ilikuwa rahisi. Kila kituo kina daftari la matukio. Mashine ikizima, unaandika. Mtu akizirai kwenye foleni, unaandika. Msimamizi akitoka, anaandika saa aliyotoka na sababu, na mawakala wa wagombea wanaweka sahihi. Mwalimu alifungua daftari. Akashika kalamu. Kisha akaandika maneno haya: "Saa tano. Shughuli zinaendelea vizuri."

"Angeandika nini?" Eunice ananiuliza. "Ati nimekimbia mama mkwe? Na hiyo kitabu inaenda mpaka Nairobi, isomwe na watu?"

Wakati wa kuhesabu, zile kumi na moja alizihesabu pamoja na nyingine. Kwa akili yake ni kura halali, za watu anaowajua kwa majina. Mawakala walikuwa wamechoka, hakuna aliyepindua karatasi. Matokeo ya wadi nzima yakatoka. Aliyeongoza alimshinda aliyemfuata kwa kura nne. Nne tu. Aliyeshindwa akakataa, na ukaguzi ukaamriwa.

Wengi wetu tukisikia ukaguzi wa kura tunafikiria watu wamejifungia mahali na kompyuta. Nimeongea na waliokuwepo, na haikuwa hivyo. Lilikuwa jumba moja la mikutano mjini Embu, mchana peupe, meza ndefu, na watu wa pande zote mbili wameketi wakikodolea macho mikono ya maafisa. Aliyeongoza kazi ni Bi. Marcella, afisa kutoka Meru, mama wa sauti ya chini na miwani ya kamba.

Sanduku la kura za wadi la kituo cha Mwalimu likaletwa mezani. Kwanza nambari za vile vifungo vya plastiki zikasomwa kwa sauti, zikalinganishwa na zilizoandikwa kituoni. Zikakubaliana. Vifungo vikakatwa mbele ya wote. Karatasi zikamwagwa, zikapangwa kwa mgombea, zikafungwa hamsini hamsini. Zikawa mia nne na kumi na mbili. Fomu ya matokeo ikasema mia nne na kumi na mbili. Vishina vilivyobaki kwenye vitabu vya kura vikahesabiwa navyo, mia nne na kumi na mbili. Nyaga alikuwa amemsindikiza baba yake, na anasema alimwona mzee ameegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Hapo Bi. Marcella akasema, "Sasa tupindue."

Karatasi zote zikalazwa kifudifudi. Wakazipitia moja baada ya nyingine wakitafuta muhuri. Muhuri upo. Upo. Upo. Kisha kijana mmoja wa ukaguzi akasema, "Hii haina." Baada ya nyingine chache, "Hii haina." Zilipoisha zilikuwa kumi na moja. Nane za aliyeongoza, tatu za aliyemfuata. Kanuni waliyokuwa nayo mezani ilisema karatasi isiyo na muhuri inawekwa kando. Toa nane hapa, toa tatu pale, zile kura nne zikayeyuka. Wadi ikageuka kwa kura moja.

Kukawa na kelele, kama unavyojua. Bi. Marcella alingoja zitulie. Yeye alikuwa anaangalia kitu kingine. Alikuwa amezipanga zile kumi na moja kwa nambari zao. Akasema, "Nambari zimefuatana. Zote. Huyu si mtu alikuwa anasahau hapa na pale. Hii ni kwa wakati mmoja, mahali pamoja. Kulitokea nini?"

Daftari la matukio likafunguliwa. Shughuli zinaendelea vizuri.

Purity akaulizwa kwanza. Alisimama akasema, "Mwalimu alikuwa ametoka na muhuri. Nilimfuata nje. Akaniambia niendelee."

Bi. Marcella akamgeukia msimamizi. "Mwalimu, ulitoka?"

Wasikilizaji wapendwa, nataka mwone lile jumba jinsi Mwalimu alivyoliona. Kuna mawakili kutoka mjini. Kuna mzee mwenzake wa kanisa. Kuna wakala mmoja wa ukoo wa mkewe, ameketi mstari wa mbele. Kuna wanafunzi wake wa zamani watatu, mmoja ameshika kamera. Na yeye atoe jibu kwamba kura za wananchi zimeharibika kwa sababu mwalimu wa hesabu alijificha nyuma ya tangi la maji, mama mkwe apite. Alimwambia Eunice baadaye kwamba alisikia kicheko kabla hakijachekwa. Na aliona jina la mama yule likitajwa magazetini.

Akasema, "Sikumbuki."

Bi. Marcella akachukua kalamu. "Rudia, Mwalimu, niandike."

"Sikumbuki."

Purity alimwangalia. Kisha akaketi.

Ripoti ikaandika kwamba karani alitoa karatasi kumi na moja bila muhuri na bila idhini ya msimamizi. Karani ni Purity. Kwa mstari huo mmoja Purity hakuitwa tena kazi yoyote ya uchaguzi. Shule aliyokuwa anafundisha haikumwongezea muda. Sokoni Runyenjes watu walimpigia mluzi, wakasema amenunuliwa, wakasema watu wa Kangeta ni hivi na hivi. Mwisho wa mwezi akafungasha, akarudi kwao. Leo anauza katika duka la vitabu na vifaa vya shule huko Makutano, mjini Meru. Hajawahi kushika chaki tena.

Na Mwalimu? Mwalimu alipewa pole. Watu walimwambia, "Pole sana, Mwalimu, ulipewa karani mbovu." Hiyo pole ndiyo iliyommaliza, kama unaniuliza. Alijiuzulu uzee wa kanisa, tukasema huo ni unyenyekevu. Alikataa kuhesabia chama cha kahawa, tukasema amechoka. Sisi ni wepesi sana wa kumwekea mtu sababu nzuri tukiwa tumekwisha kuamua ni mtu mzuri.

Alikwenda Makutano mara tatu. Mara ya kwanza alisimama ng'ambo ya barabara, malori yanapita katikati, akamwona Purity anahudumia watu, akarudi. Mara ya pili, vivyo hivyo. "Alikuwa anarudi na vumbi kwa viatu," Eunice anasema, "nikimuuliza umetoka wapi, ananiambia nilikuwa natembea tu."

Mara ya tatu aliingia. Hii tumeisikia kutoka kwa Purity mwenyewe. Tulimpigia simu juzi, na amekubali tuseme maneno yake.

"Nilimwona akiingia nikajua," Purity alituambia. "Nikamwambia, karibu Mwalimu, nikamtolea kiti. Hakukaa. Akasema anataka mkebe wa jiometri wa mjukuu. Nikautoa. Nikaanza kuufunga na gazeti. Hiyo kitu haifungwangi, unaweka tu kwa mfuko. Lakini niliifunga, tena pole pole, nikaongeza gazeti ya pili, ndio apate time. Nilikuwa namngoja aseme. Hata kama ni neno moja, ningechukua. Akasema, asante, mwalimu. Aliniita mwalimu. Halafu akaenda."

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili mwaka huu. Mwezi wa nne moyo ulianza kumsumbua. Jumapili moja alasiri, wakiwa barazani wanachagua maharagwe, alimweleza Eunice yote. Tangi, muhuri, endelea nakuja, sikumbuki. Eunice aliacha maharagwe. Kisha akamuuliza, "Na kwa nini unaniambia mimi? Mimi ndio nilifukuzwa?"

Mwalimu aliahidi kuandika barua kwa Bi. Marcella. Eunice alirudi hapa studio siku ya pili na daftari aliloanzia barua hiyo, nimelishika kwa mikono yangu. Kuna kurasa nne zenye tarehe nne tofauti. Kila ukurasa umeandikwa kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, "Kwa Bi. Marcella." Chini yake hakuna kitu. Mtu aliyewafanya maelfu ya watoto warudie jibu hakuweza kuliandika la kwake hata mara moja. Alifariki Jumanne asubuhi, kabla ya chai.

Baada ya mazishi Eunice alipanda gari mpaka Meru, akamtafuta Bi. Marcella, akamweleza. Bi. Marcella alivua miwani. Akasema, "Mama, nilijua kuna kitu. Zile nambari zilikuwa zinafuatana. Lakini kwa ripoti huwezi kuandika unachodhani, unaandika ulichoambiwa." Akasema ripoti imefungwa, hana uwezo wa kuifungua. Anachoweza ni kuweka barua ya Eunice ndani ya faili, ili siku mtu akiifungua aikute. Eunice aliiandika pale pale, akasimama kwenye kaunta ya ofisi. Kisha akaona faili haisikilizwi na watu wa Runyenjes, wala wa Kangeta. Redio wanaisikiliza. Ndipo akaja kwetu.

Lakini kabla ya kuja, alipita kwa mama yake. Alitaka Mama Wambeti alisikie kwake kwanza, asilisikie hewani. Akamweleza pole pole kwa Kiembu. Kwamba siku ile ya kura mkwe wake alitoka nje kwa heshima yake, na yote yaliyofuata.

Mama Wambeti aliuliza, "Kwani alikuwa mle ndani?"

Eunice akamwambia ndiyo, alikuwa ndani, akatoka alipomwona anakuja.

"Mimi sikuwa naona mtu," mama akasema. "Haya macho yalikuwa yamekwisha kitambo. Nilikuwa naona mwangaza wa mlango tu. Angekaa kwa kiti chake anyamaze, ningepiga kura nirudi nyumbani."

Mwalimu hakujua. Angejuaje? Miaka arobaini hakuwahi kumtazama yule mama usoni. Watoto na wajukuu walijua, na kila mmoja alidhani Mwalimu pia anajua.

Mama Wambeti akauliza swali jingine. "Na yangu mimi, ilihesabiwa?"

Eunice aliinuka akaenda kuangalia moto.

Wasikilizaji wapendwa, nitasema sasa lile ambalo Mama Eunice alinituma niseme, na nitalisema mara mbili. Katika kituo kile, Purity Kinya aliuliza kuhusu muhuri. Alijibiwa aendelee. Aliyemjibu ni Mwalimu Ishmael Njue, msimamizi wake. Narudia. Purity Kinya aliuliza kuhusu muhuri, akajibiwa aendelee, na aliyemjibu ni Mwalimu Ishmael Njue. Hakununuliwa na mtu. Hakukosea. Ninyi mliompigia mluzi sokoni mnajijua, na mimi nilikuwa katika waliocheka.

Tulipompigia Purity simu, tulimuuliza anataka tuongeze nini. Akasema, "Semeni pia alikuwa mwalimu mzuri. Mimi nilifundisha vile niliona yeye anafundisha. Hiyo pia ni ukweli, msiiache nje."

Hatujaiacha.

Mama Eunice, pole sana. Ulichokifanya wiki hii hakuna aliyekulazimisha. Nyaga na ndugu zako, poleni kwa kumpoteza mzazi. Mama Wambeti, shosho, nyanya yetu, tunajua redio iko kando yako, pole kwa kuondokewa na mkwe aliyekuheshimu kupita kiasi. Mungu ampumzishe Mwalimu, na yale aliyoyaacha nusu awasaidie walio hai kuyamaliza.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize. Kuna mtu amebeba jina baya kwa sababu uliulizwa swali ukasema hukumbuki? Unamjua. Umemjua tangu nianze kusema. Nambari yake ya simu iko hapo, na bado yuko hai, na wewe pia. Desturi ya kipindi hiki ni kumalizia kwa dakika moja ya kimya kwa ajili ya marehemu. Leo Mama Eunice ameomba dakika hiyo asipewe mume wake. Ameomba mpewe ninyi, mpige simu. Mimi ninanyamaza sasa.